Aliyetupangia Mji Mpaka Pa Kuzikwa: Historia ya Marehemu Editha Gasto

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo shikamooni, viongozi wa mji wetu mdogo wa Unyamsanga, majirani, Wakristo kwa Waislamu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kukaa na sisi juani tangu asubuhi. Familia imemteua Clement Philipo, mdogo wake Simoni mume wa marehemu, awasomee historia hii, na wanaojua yaliyopita kati ya Clement na shemeji yake wameshaanza kunong'onezana, basi wanong'one haraka wamalize, kwa sababu ni marehemu mwenyewe aliyemchagua msomaji, na kila neno linalomhusu Clement humu aliagiza lisifutwe.

Marehemu Editha Gasto alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika kijiji cha Misigiri, wilaya ya Iramba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Gasto na mama Winfrida, wakulima wa mtama na alizeti, akabatizwa tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Tunataja Misigiri kwa sauti kubwa, kwa kuwa Mnyiramba huyu aliyeolewa na Mnyaturu alikumbushwa ugeni wake miaka thelathini na sita mfululizo, kana kwamba alivuka bahari kuja huku.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari mjini Singida mwaka 1978 hadi 1981, akiishi kwa shangazi yake Utemini, na huko ndiko alikoanza tabia ya kuhesabu hatua kutoka nyumba hadi nyumba na kuzichora nyuma ya daftari la hesabu, tabia iliyomletea viboko viwili na baadaye mkate wa maisha. Alipotaka kwenda Chuo cha Ardhi Tabora alikaa kwanza miaka miwili nyumbani akishika jembe, kwa sababu baba yake hakuielewa kazi ya kuchora ramani, akawa anauliza kama ardhi siku hizi haionekani kwa macho mpaka ichorwe. Mwaka 1984 mzee alichoka kubishana, Editha akapanda treni, na mwaka 1986 akarudi na cheti cha urasimu ramani.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1987 katika idara ya ardhi, Manyoni, akiwa mchora ramani, na hapohapo Manyoni alimkuta Simoni Philipo, karani wa stesheni ya reli, mtu wa maneno machache mpaka leo, wakafunga ndoa takatifu tarehe 17 Desemba 1988, na Mungu akawajalia watoto watatu, Moses aliyezaliwa 1990, Yasinta 1993 na Leah 1997, pamoja na wajukuu watano. Mwaka 1999 walihamia hapa Unyamsanga, kwa wazazi wa Simoni, naye akawa anakwenda kazini na kurudi. Aliwalea watoto wake kwa upendo na kwa rula, na wote watatu wanakiri kwamba hakuna aliyewahi kuegemeza baiskeli njiani akabaki na raha siku hiyo.

Mwaka 2013 lami ilikuwa imeshafika, watu wakaanza kujenga kama wanaokimbia mvua, kila mmoja akiutazama uso wa nyumba yake na kumpa jirani mgongo, ndipo ofisi ikampa Editha na wenzake kazi ya kuandaa mchoro wa mji huu. Alipita nyumba kwa nyumba, akakuta nyumba mia nne na kumi na mbili, na tarehe 22 Februari 2014 mchoro ukatundikwa ukutani kwenye ghala la ushirika mbele ya mkutano mkuu, mchoro wenye makazi, soko, shule mbili, zahanati, sehemu ya mafundi seremala na wachomeleaji ili kelele zao zisilale na watoto wachanga, na barabara pana ambazo watu walizicheka wazi. Baba mdogo Stefano, mzee wetu wa ukoo, alisimama akasema, "Nyumba zetu ni mia nne, wewe umechora elfu sita, hao wengine wako wapi?" Editha akapiga goti kwanza, kisha akajibu, "Shikamoo baba. Hao wengine bado wako matumboni, wengine hata mimba zao hazijatungwa, ila wakija hawatakuja na barabara mikononi."

Mkutano uliridhia mchoro wote kwa mikono juu, isipokuwa kona moja ya kaskazini ambayo kila mtu alijifanya hakuiona, ekari kumi na mbili zenye udongo wa kina, mbali na visima, alizoandika "Makaburi ya Wote". Sisi tunazika nyumbani, kati ya jiko na zizi, na hatujawahi kuona aibu juu ya hilo, maana mfu wako akilala shambani shamba ni lako na hakuna wa kukuondoa. Editha hakuwahi kuidharau desturi hiyo, alisema tu kwamba kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini na tano hakina nafasi ya jiko, choo, kisima na marehemu wanne. Watu walimsikiliza kwa heshima, na hakuna aliyekubali ndugu yake awe wa kwanza kulala kule peke yake.

Sasa tunafika kwa Clement. Barabara ya mita kumi na mbili ilichorwa kupita ukingoni mwa shamba lake, ikamuuma, na Jumapili ya tarehe 13 Septemba 2015, wakati wenzake wako kanisani, Clement alichukua matofali, saruji na mwiko, akajenga kaburi katikati ya njia, akalipaka chokaa na kuandika jina la babu yake aliyefariki mwaka 1951, babu ambaye ukoo mzima unajua amezikwa ng'ambo ya mlima. Kesho yake wapimaji walikuja na bikoni zao za zege za kuwekea mipaka, mmoja akaegemea kaburi la mwaka 1951 apumzike, akaondoka na chokaa mbichi kwenye suruali. Lakini kaburi ni kaburi, huwezi kuliondoa ndugu wasiporidhia, na ndugu wa kuridhia ndiye yuleyule aliyekuwa bado na saruji kwenye kucha. Barabara ikasimama. Editha hakwenda polisi wala kwa mchungaji, aliandika tu juu ya mchoro, kwa herufi ndogo za rasimu, "kaburi lisilo na mtu", na kwa maneno hayo manne shemeji hao wawili hawakusalimiana miaka mitatu na nusu. Wajanja nao waliiga, na kabla mwaka haujaisha njia za mji huu zilikuwa na makaburi saba ya namna hiyo, tukawa mji wa wafiwa wa watu ambao hawakuwahi kufa.

Alasiri ya tarehe 3 Mei 2019, Janeth binti wa Clement alishikwa na uchungu wa kujifungua, uchungu ukaenda vibaya, gari likaitwa, na gari likafika mpaka kwenye kaburi la babu likakwama hapo, kushoto korongo, kulia ukuta. Janeth alibebwa kitandani na majirani mpaka lami, na miongoni mwa waliobeba alikuwemo Editha, akiwa na miaka hamsini na sita, ameshika mguu wa kitanda wa upande wa kichwa. Janeth alipona na yuko hapa leo. Mtoto hakupona, akazikwa kwao baba yake, Ikungi. Clement aliyasema haya mbele ya mkewe Selina, akayasema mbele ya Mungu, na leo anayasema mbele yenu, kwamba kaburi alilolijenga likiwa tupu lilimtafuta mtu, na lilimpata nyumbani kwake mwenyewe.

Siku ya tatu Clement alichukua nyundo akaenda kulibomoa, watu wakasimama kando wakitazama, kwa kuwa kuvunja kaburi ni jambo zito hata kama ni la uongo, na mwiko huo hakuna aliyetaka kuugusa. Editha alikuja na karai. Hakusema "si nilikuambia", neno ambalo lilikuwa haki yake, alisema, "Shemeji, wewe piga, mimi nazoa." Walifanya kazi hiyo mpaka jua likazama, na tangu siku hiyo Clement akawa mtu wa kumshikia kamba ya kupimia. Kati ya makaburi saba, matano yalivunjwa na wenyewe kabla ya mwezi wa saba, na mawili yako mpaka leo, na wenye nayo wako hapa, wamekaa kwenye kivuli, hatutawataja majina kwa sababu majina yao mnayajua.

Marehemu alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2023, na mwezi Oktoba mwaka huo akagundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa hospitali ya mkoa, kisha Dodoma, kisha Dar es Salaam kwa mionzi, akivumilia safari ambazo mzima angezilalamikia. Akiwa katikati ya matibabu hayo, Novemba 2024, tangazo lilibandikwa hapa mjini kwamba ekari kumi na mbili za makaburi zimekaa miaka kumi bila kutumika, na kwamba mfanyabiashara mmoja ameziomba zibadilishwe matumizi, ajenge maghala na kituo cha mafuta. Editha aliandika pingamizi kitandani, akaandika la pili, akaandika la tatu, na jibu likaja kwamba eneo lisipoanza kutumika hadi tarehe 30 Septemba 2025, mabadiliko yataendelea. Wapo waliomwambia aachane na mambo ya viwanja ashughulike na afya yake. Aliwajibu kwamba afya yake ina madaktari, viwanja havina.

Mwezi Juni mwaka huu madaktari walimrudisha nyumbani kwa ukweli wote, naye akamwita Simoni, watoto na Clement, akasema kwa sauti ileile ya ofisini, "Mji huu unaheshimu kaburi kuliko ramani. Basi tuwape kaburi, ila safari hii liwe na mtu ndani." Yasinta alilia, Moses akatoka nje. Editha aliomba kalenda iletwe, akaitazama, akacheka, akasema Mungu akipenda atawahi, na asipowahi tumwombee radhi kwa mji. Tunasema wazi kwamba tulimchukia kidogo siku ile kwa kicheko hicho, kisha tukampenda kuliko siku zote.

Aliwahi. Alifariki nyumbani, Jumanne ya tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Simoni.

Na Jumatano, kabla hata ndugu wa Misigiri hawajafika, baadhi ya wazee wetu walileta vijana wakachimba shimo nyuma ya nyumba ya Simoni bila kumwuliza Simoni, wakasema mwanamke aliyeolewa kihalali halazwi porini peke yake kama mchawi, na kwamba shimo la kaburi likishachimbwa halifukiwi bure, lazima litadai mtu. Wazee wetu tunawaheshimu, tumelelewa na mikono yenu, lakini desturi mliyotufundisha inasema pia kwamba wosia wa marehemu hauvunjwi. Jana asubuhi Simoni, Moses na Clement waliweka gogo mahali pa mtu ndani ya shimo hilo wakalifukia, na kama bado linadai mtu, limdai Clement, nyumba yake linaijua. Baba mdogo Stefano ametangaza kwamba hatafika makaburini leo. Hatutambembeleza, ila tunamwarifu kwa adabu kwamba jeneza litapita mlangoni kwake, kwa kuwa ndiko barabara ilikochorwa, na Editha hakuwahi kupindisha mstari kwa ajili ya mtu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Singida, Dodoma na Dar es Salaam, waliompigania miaka miwili bila kumdanganya hata siku moja. Tunawashukuru majirani, waliochota maji, waliopika na waliolala chini pamoja nasi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya ardhi, waliokuja jana kuzitafuta bikoni za zile ekari kumi na mbili kwenye majani wakazikuta zote, na sheikh wetu, aliyeleta vijana wa msikitini kushika sururu pamoja na wa kanisani, akasema upande wa mashariki ni wao na wataanza kuutumia Mungu akiwafikisha. Hatukuweza kuwataja wote, na tuliowasahau watusamehe.

Limebaki jambo moja, lile mlilotuuliza tangu Jumatano, kwamba kule kaskazini atakaa na nani. Jana mchana Simoni, mwenye miaka sabini na moja, alitembea na fimbo yake mpaka kwa mtendaji wa kata, akaomba jina lake liandikwe kwenye daftari la makaburi, nafasi ya pili, kushoto kwa mkewe. Clement ameandikwa ya tatu. Janeth, ambaye bado ni kijana, aligombana na mtendaji mpaka naye akaandikwa. Leo saa nne asubuhi daftari lilikuwa na majina kumi na tisa, na lipo wazi mezani pale kwa mtendaji, anayetaka aende kabla hatujanyanyua jeneza.

Pumzika kwa amani, Editha Gasto. Majirani tunakuja.