Wawili kwa Neno Moja

Benchi lilikaa nje ya chumba cha kinyozi, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na chupa ya kahawa ilikuwa imeshazunguka mara ya kwanza Mkalimani alipotokea na uso wa mtu aliyekesha akigombana na mashine. Kazi yake ni kutafsiri maandishi ya programu za simu. Safari hii alikuwa na programu ya kutumiana salamu za sauti, ndugu aliye mbali na ndugu aliye mbali, na lugha alizopewa ni Kiswahili na ile ya bibi yake, ambayo siku hizi waweza kushinda sokoni usiisikie hata ikitumika kutukana. Hiyo ya pili aliiomba mwenyewe, kwa kubembeleza. Kinyozi, mwenye benchi na mwenye methali, alikuwa anafuta kioo. Masafa, dereva wa malori aliyestaafu akabaki na hadithi za barabarani, alimsogezea kikombe.

— Haya, tema, alisema Kinyozi. Umenuna kama aliyenyolewa na kipofu.

— Ni wingi, ndugu yangu. Wingi umenitoa jasho.

— Wingi wa nini?

— Wingi wenyewe! Waliounda programu walitunga sentensi moja, wakaacha tundu la namba katikati. Namba yoyote idumbukie humo. Basi simu ikawa inaandika, "Una jumbe 1 hazijasikilizwa."

Masafa alicheka hadi kahawa ikamwagikia goti.

— Si uandike meseji? alisema Kinyozi. Meseji moja, meseji kumi, neno halitikisiki.

— Neno halitikisiki, kitenzi je? Haijasikilizwa, hazijasikilizwa. Umelaza jina, umeamsha kitenzi.

— Ndiyo maana wahenga wakasema haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo imeingiaje hiyo?

— Imeingia, usibishe. Kibaba kimoja, vibaba vingi.

Masafa alikohoa, dalili kwamba sasa wanasafiri.

— Mimi niliwahi kupeleka mzigo nchi moja ya baridi. Kule kitu kimoja kina umbo lake. Viwili, vitatu, vinne, umbo jingine. Ukifika vitano, neno linageuka tena! Niliagiza mikate, mwenye duka akaita mkewe aje anisikie.

— Sababu iko wazi, alisema Kinyozi. Hao walihesabu kwa vidole. Vidole vinne ni raia tu. Cha tano ni dole gumba, na mkubwa akiingia lazima watu wabadilishe kauli.

— Na wengine hawana wingi kabisa, aliendelea Masafa. Ng'ombe mmoja, ng'ombe mia, neno lile lile.

— Hata sisi ng'ombe ni ng'ombe, alisema Mkalimani.

Kinyozi akashusha kitambaa.

— Basi ng'ombe ndiye aliyeanzisha lugha, alisema kwa uzito. Binadamu tuliharibu baadaye.

Mkalimani naye akacheka, ingawa hakupenda. Aliwaeleza kwamba kwa Kiswahili wahandisi walimsikia, wakaongeza tundu la pili: sentensi ya kimoja na sentensi ya vingi. Kiswahili kikapona. Lugha ya bibi haikupona.

— Ile ina tatu. Kimoja, viwili, vingi. Viwili vina mwisho wao, kisauti kidogo cha puani. Wahandisi wananiambia viwili niviweke kwenye vingi, kwa kuwa wazungumzaji ni wachache. Wanataka jibu leo.

— Wape vingi, yaishe, alisema Masafa. Njia mbili zilimshinda fisi.

— Thubutu! alidakia Kinyozi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Umeona? Wahenga wenyewe walijua mambo hubadilika kwenye tatu. Mpiganie bibi yako!

Ilikuwa mara ya kwanza methali ya Kinyozi kumgonga Mkalimani mahali penyewe, na pengine mwenye methali hakujua. Kwa maana bibi hakuwa akiwaita kwa majina, yeye na kaka yake. Alisimama mlango wa jikoni, mikono imejaa unga, akaita neno moja la "watoto" lenye ule mwisho wa puani, nao wakatoka mbio, mmoja juu ya ukuta, mwingine chini ya kitanda, kila mmoja akijua ameitwa na mwenzake ameitwa. Baadaye kaka alikwenda kutafuta kazi ng'ambo, barua zikaja, kisha zikakoma. Bibi hakubadilisha neno. Aliendelea kumwita yeye peke yake kwa neno la wawili, na yeye aliitika, mpaka bibi akazikwa. Tangu hapo hakuna aliyemwita hivyo.

Alitoa simu akawaandikia wahandisi palepale, bila kupamba: matundu ni matatu, la sivyo watafute mtafsiri mwingine. Jibu lilifika kabla kikombe hakijapoa. Sawa, matatu.

— Tumeshinda! alipiga kelele Kinyozi.

Pembeni alisimama mama mmoja wa makamo, mgeni mtaani, akingoja duka la vitambaa lifunguliwe. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani, baba zangu. Na kama hakuna?

— Hakuna nini, mama?

— Hakuna salamu. Mwanangu alikuwa akinitumia sauti kila Ijumaa. Sasa simu inaniandikia, "Una jumbe 0." Zamani postamasta angetikisa kichwa tu, ukaondoka. Hii sifuri naisoma kila asubuhi. Kwa lugha ya bibi yako, mtu huambiwaje kwamba hakuna?

Mkalimani alifumba macho, akalisikiliza jiko la bibi, mlango, unga, ile sauti. Alitafuta neno la kutokuwepo, akakuta bibi hakuwahi kulitumia. Masafa alitazama barabara. Kinyozi, bila methali, alimmiminia mama kahawa.

— Sijui, mama, alisema Mkalimani. Kwa kweli sijui.

Akasogea, na Masafa akasogea, mama akapata pa kukaa.