Orlin Tveit na Aliyemkokotea Kibanda

Ndugu, jamaa na majirani wa Nysted, na ninyi mliofika kutoka mbali kwa barabara ambazo kwa miaka arobaini na miwili zilikwanguliwa theluji na mtu huyuhuyu tuliyekuja kumuaga: maneno haya yanasomwa na dada yake mkubwa, Ardis. Marehemu alikuwa na tabia ya kutazama saa hotuba zikirefuka. Dada yake atajitahidi, ila hatoi ahadi.

Orlin Selmer Tveit alizaliwa tarehe 9 Novemba 1950 hapa Nysted, kaskazini mwa Minnesota, katika nyumba iliyo upande wa mashariki wa Ziwa Bertram. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Selmer na Gudrun Tveit. Mkunga alikwamishwa na theluji, na mama yao alizoea kusema kwamba huyu alikuja duniani bila kumngoja wa kumpokea. Baba yao alikuwa mkata miti, na majira ya baridi alivua samaki kupitia mashimo kwenye barafu ya ziwa, ndani ya kibanda cha mbao alichokipeleka ziwani kwa lori. Tarehe 24 Machi 1962, siku chache kabla ya mwisho wa muda wa kuondoa vibanda barafu isijayeyuka, alikwenda kukitoa. Karibu na mdomo wa mto, barafu ilikuwa imeliwa na maji kutoka chini. Lori lilizama, na kibanda, na Selmer. Orlin alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Aliendelea kuvua kila msimu, maana uvuvi ulikuwa kwenye damu, lakini katika maisha yake yote hakupeleka injini juu ya barafu. Kibanda chake kilikwenda kwa miguu na kamba.

Alisoma shule ya hapa na kumaliza sekondari mwaka 1969. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Mwalimu wake wa hesabu aliwahi kuandika kwamba Orlin ana akili nzuri na anaitunza sana isichakae. Mwaka 1971 aliajiriwa kuendesha greda la barabara za wilaya, na hapo ndipo alipostaafu mwaka 2013. Wengi wenu mlipelekwa kujifungua, au kuzaliwa, kwa njia aliyoifungua yeye alfajiri.

Tarehe 16 Juni 1973, katika kanisa hili, alimwoa Marlys Haugen, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mungu akawajalia mtoto mmoja, Renae. Kwa wale wasiowajua vizuri, kisa kimoja kinatosha. Mwaka 1989 walikwenda kununua kibanda cha kukokota, vile vya turubai vinavyokunjwa. Muuzaji akawaonyesha vitatu, akisifia madirisha na mifuko ya kuwekea vikombe. Orlin hakutazama dirisha hata moja. Akamketisha Marlys ndani ya cha kwanza, akajifunga kamba kiunoni, akaanza kumburuta kati ya rafu za duka.

"Bwana, hicho ni cha maonyesho!" muuzaji akapiga kelele.

"Sasa si ndiyo nakionyesha?" Orlin akajibu, akaendelea.

Walifika kwenye makopo ya rangi wakarudi, Marlys akicheka mpaka kofia ikamwanguka. Ndivyo alivyovijaribu vyote vitatu. Tangu siku hiyo nusu ya wilaya ilimfuata kwa ushauri kabla ya kununua kibanda, na kila mmoja alipewa swali lilelile: nani atakikokota? Aliyejibu kwamba kibanda kina nafasi ya watu wanne aliulizwa tena, kwa upole mdogo kuliko mara ya kwanza.

Tarehe 7 Februari 2022 moyo wake ulishtuka akiwa anakata kuni. Alilazwa siku kumi na mbili. Daktari alimwambia kuwa anaweza kutembea taratibu, anaweza kuketi na kuvua, lakini asikokote wala asinyanyue kitu tena. Kiangazi chote kile Orlin aliketi sebuleni na kiti chake kimelipa dirisha kisogo, asilione ziwa. Hakulalamika. Alipungua tu, kama sabuni. Marlys alimtazama mpaka Novemba, kisha akamwambia avae viatu, wanakwenda dukani.

Dukani palikuwa na vibanda viwili vya kufikiriwa. Kimoja kilifunguka kama mwavuli na kilikuwa na kilo kumi na tisa tu, lakini kila kigingi kilitaka kugongwa kwenye barafu, na upepo ukikibeba sharti ukikimbize. Cha pili kilijengwa juu ya sleji, kitako kipana kinachoteleza juu ya barafu, na kilikuwa na kilo arobaini na moja, ila mgonjwa angeweza kukaa kwenye kiti chake na kujifunika turubai lote kwa mkono mmoja. Orlin akaonyesha kile chepesi.

"Wewe si huwa unawauliza watu swali?" Marlys akamwambia. "Niulize na mimi."

"Acha mchezo, Marlys."

"Niulize."

"Haya. Nani atakikokota?"

"Mimi. Kaa ndani."

Akajifunga kamba, akamburuta mumewe wa miaka sabini na mbili mbele ya wateja. Wakarudi nyumbani na kile cha kilo arobaini na moja.

Kwa majira matatu ya baridi, siku zote ambazo upepo uliruhusu, Marlys alitangulia na kamba begani, na Orlin alifuata nyuma hatua kumi, mikono mitupu mfukoni, akitazama buti zake. Watu walimtania. "Orlin, umenunua trekta?" Alijibu kwamba ndiyo, na halinywi dizeli, linakunywa kahawa. Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini dada yake anajua kwamba aliona aibu kila hatua ya ile kilomita moja ya kwenda mahali pao pa kuvulia. Wakishafika, Marlys alitoboa mashimo mawili kwa keekee, akawasha jiko la gesi, wakaketi magoti yakigusana. Marlys hapendi samaki. Hilo wengi wenu hamlijui.

Jumanne iliyopita, tarehe 18 Februari, saa mbili asubuhi, walipita duka la chambo la Duane kama kawaida. Yaliyosemwa pale yamekwisha kuzunguka mji mzima, maana ulimi hauna mfupa, basi na yasomwe hapa yalivyokuwa. Mbele ya Duane na wateja wawili, Orlin alisema, "Duane, nitafutie punda mwingine. Huyu wangu amechakaa."

Duane akajaribu kucheka. Orlin akaongeza, "Jana nilifika ziwani, nikazeeka, nikafa, nikafufuka, punda bado yuko njiani anapumua."

Marlys akaweka kikombe chini. "Punda? Basi shukrani ya punda unaijua." Akatoka nje, akaipiga sleji teke, akarudi mlangoni na kumtupia kamba miguuni. "Leo kokota mwenyewe. Na ukifa huko usinipigie simu."

Akaenda nyumbani. Orlin akaiokota kamba.

Kufika saa nne hasira ya Marlys ilikuwa imepoa. Akajaza kahawa kwenye chupa, akavaa buti zake za njumu, akaifuata alama ya sleji. Alimkuta hatua mia hivi kabla ya mahali pao, amelala kifudifudi, kamba begani, amekwisha kupoa. Marlys alikuwa na simu mfukoni. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakuita msaada, alisema hakukumbuka kwamba duniani kuna simu. Alimwingiza mumewe ndani ya kibanda, juu ya sleji, akamlaza kati ya viti, akamfunika turubai, akaanza kukokota. Walio ufukweni walimwona akiwa karibu nusu ya njia, wakamkimbilia. Duane anasema walilazimika kuifungua mikono yake kidole kimoja kimoja.

Baada ya hapo mji ulianza kazi yake. Dukani, kwenye simu, hata chini humu kanisani akina mama walipokuwa wanapanga vikombe, ilisemwa kwamba Marlys alimtuma mgonjwa wa moyo akafe kwa sababu ya neno moja la utani. Kuna aliyekuja juzi kutoa pole, akampa mkono Renae, akampita mama yake. Huyo anajijua, na yumo humu.

Yanayofuata hayamo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Renae aliipeleka kuchapwa Alhamisi, na dada yake marehemu aliyaandika haya kwa mkono asubuhi ya leo, baada ya kuyakalia siku nne.

Jumatatu jioni, baada ya chakula, Orlin alimpigia simu Ardis. Alisema, "Dada, nimeona bega la Marlys. Alikuwa anabadilisha blauzi, hakujua niko mlangoni. Jeusi lote. Mkono haupandi juu ya kifua."

Ardis akamuuliza kama amemwambia aache.

"Nimemwambia. Ananijibu ni baridi tu. Nimemwambia kesho tusiende, akaanza kutafuta soksi zangu. Anadhani nikikaa ndani nitakufa kama kile kiangazi. Huyu haachi kwa kuombwa, dada, unamjua. Ataacha akikasirika tu."

"Basi mkasirishe. Kazi hiyo umeifanya miaka hamsini."

"Nimkasirishe kwa lipi?"

Na Ardis akacheka, akamwambia, "Mwite punda."

Neno lile lilikuwa la Ardis. Marlys alikuwa amemsimulia, zamani sana, wifi kwa wifi, jinsi kaka zake walivyomwita hivyo utotoni alipokuwa akibeba ndoo za maziwa, na jinsi asivyowahi kulisamehe. Lilikuwa siri, na Ardis alilitoa kama mtu anayekopesha bisibisi.

Alimuuliza pia Orlin, na hili ni kweli, kama atakikokota yeye. Orlin alisema upepo umefagia theluji yote, barafu ni tupu, sleji itateleza yenyewe hata paka angeivuta. Ardis alijua daktari alisema nini. Hakubisha. Alisikia jinsi sauti ya mdogo wake ilivyokuwa na furaha, furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu, naye akamwacha nayo. Tusimtie Orlin utakatifu leo kwa sababu amelala mbele yetu. Alitaka kuliokoa bega la mkewe, na alitaka kukokota. Vyote viwili vilikuwa vyake, na alivichagua akiwa na akili zake timamu.

Kabla ya kukata simu alisema, "Jioni nikirudi nitamwambia yote. Nitamwambia punda ni mimi, na kesho yake nampeleka kwa daktari wa mifupa, apende asipende."

Jioni ile Orlin hakuiona. Kwa hiyo Marlys hakuambiwa.

Alhamisi, Marlys alikwenda nyumbani kwa Ardis. Hakuvua koti. Alisimama karibu na jiko, mkono wake mmoja umening'inia, akauliza swali moja tu: "Ardis, wewe unamjua kuliko watu wote. Alikufa amenikasirikia?"

Ardis alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu Jumatatu. Angelitoa, angelazimika kusema na neno lile lilitoka wapi, na ni nani aliyekuwa kwenye simu akicheka. Akasema, "Sijui, wifi."

Marlys akamshukuru na kuondoka. Renae anasema mama yake hajafumba macho tangu Jumanne. Hukaa kitandani upande wake, taa inawaka, ameishika mito ya Orlin isianguke.

Hapana, Marlys. Hakukukasirikia. Alikuchokoza makusudi, na hasira yako aliiomba mwenyewe. Ulimpa alichokuwa anakitaka. Aliyekunyima amani hii siku nne ni dada yake, naye haombi msamaha hapa mbele za watu, kwa sababu hapa utalazimika kuutoa. Atakuja kwako.

Ardhi imeganda, na jeneza litahifadhiwa hadi Mei, kaburi litakapochimbika. Marehemu ameacha mke, Marlys, aliyemkokotea kibanda kwenda na kumkokota mwenyewe kurudi, na ambaye hakumuua. Ameacha binti, Renae, na mumewe Todd. Wajukuu wawili, Brita na Soren. Na dada mmoja, aliyejua na akanyamaza.

Orlin apumzike mikononi mwa Mungu. Na usiku wa leo, Bwana, Marlys naye alale.