Mama Ndimi na Neno Alilompa Mshukiwa

Ndugu, jamaa na majirani mliotusindikiza hadi hapa, poleni na asanteni. Kabla hatujamlaza mama yetu, tumeombwa tuseme alikuwa nani. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Ndimi, yule mama wa lugha nyingi. Mimi ni bintiye mkubwa. Baadhi ya haya hamjawahi kuyasikia, lakini yeye mwenyewe alitaka yasomwe. Alituambia, "Msinipake rangi. Mimi si ukuta."

Mama alizaliwa tarehe 11 Mei 2138, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mfua nguo wa hospitali, katika nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja uani. Chumba cha mwisho alipanga mshonaji mmoja, mwanamke aliyetoka vituo vya nje, yaani ile miji iliyojengwa angani, mbali kabisa na jua. Mama alishinda kwake akiokota pini sakafuni, na kabla hajajua kusoma alikuwa akigombana kwa lugha ya vituo vya nje kama mzaliwa wa huko. Bibi alikuwa akilalamika kwamba akimtuma sukari, anarudi mikono mitupu lakini ana maneno mapya matatu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 2151 na sekondari mwaka 2157, kisha akahitimu ukalimani mwaka 2161 akiwa na lugha nne. Mwalimu wake chuoni alisema mkalimani ni dirisha: watu waonane kupitia kwake, yeye asionekane. Mama alimwamini kwa miaka minane.

Alianza kazi mahakamani, akahamia ofisi za bandari ya anga, na mwaka 2169 akaajiriwa kwenye chombo cha safari za nyota kilichobeba familia na mizigo kwenda vituo vya nje. Ilikuwa wakati wa vita. Baadhi ya vituo vilikuwa vikiteka vyombo vyetu njiani, na chombo hicho kilikuwa na watu zaidi ya mia nne. Katikati ya safari, nyuma ya mabomba ya hewa, kilipatikana kifaa kidogo cha kutuma ishara. Mabomba yale yaliguswa na mtu mmoja tu: fundi wa hewa, kijana mkimya wa vituo vya nje, aliyeajiriwa kusafisha vichujio. Nahodha alimfungia katika chumba cha mizigo, kisha akamwita Mama.

Mama hakupenda tumwite nahodha mkatili. Alituambia kuwa yule bwana alijua majina ya watoto wote chomboni, na hofu yake ilikuwa ya haki. Nahodha alimuuliza fundi ametuma nini na kwa nani. Fundi akanyamaza. Nahodha akaamuru avuliwe koti na joto la chumba lipunguzwe.

Mama alivumilia, kisha akasimama. "Nahodha, mtu anayetetemeka siwezi kumtafsiri. Meno yake hayana lugha."

"Akitaka yatulie, aseme."

"Atasema chochote. Wewe utageuza chombo kwa maneno ya baridi?"

Nahodha alifikiri, akaamuru joto lirudishwe na fundi apewe koti lake. Kisha akaketi mbele yake. "Mwambie nampa neno langu la heshima. Akisema ukweli hataguswa tena. Na tukifika atapelekwa mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Wanajeshi hawatampata."

Mama akatafsiri. Fundi hakumtazama nahodha, alimtazama yeye. "Huyu simjui," alisema. "Lakini wewe unaongea kama watu wa nyumbani. Dada, ni kweli?"

Hapo dirisha likaulizwa swali. Mama akamgeukia nahodha. "Ananiuliza mimi. Nimjibu nini?"

"Mjibu ni kweli."

"Nikimjibu hivyo, neno linakuwa langu pia."

"Ni heshima ya chombo kizima, mama. Mjibu."

Mama akasema, "Ni kweli, kaka."

Fundi alijifuta uso kwa mkono wa koti, akasema yote. Mdogo wake alikuwa ameshikwa huko kwao, na sharti la kumwachia lilikuwa hicho kifaa. Vyombo viwili vya kivita vilikuwa vimejificha karibu na mwezi ambako nahodha alipanga kuchukua maji. Nahodha alibadilisha njia. Siku chache baadaye mitambo iliviona kwa mbali vyombo hivyo viwili, palepale alipopataja. Watu walikumbatiana kwenye korido. Mama alisema hajapata kuona furaha kama ile tena, na kwamba hata yeye alicheza.

Haikupita wiki nahodha akamwita tena. Alikuwa ameshawishika kwamba chomboni kuna jasusi wa pili, na fundi anamjua. Mama alimkuta fundi bila koti.

"Uliapa," Mama akamwambia nahodha.

"Niliapa kabla sijajua wako wangapi."

"Basi mimi sitafsiri."

"Usipotafsiri tutamuuliza bila lugha. Utakuwa umemsaidia?"

Mama akabaki. Alijiambia kwamba akiwepo wataona haya. Hawakuona haya. Alitafsiri swali lilelile kutwa nzima, na kila joto liliposhushwa alitafsiri pia kwamba linashushwa. Fundi hakuwa na jina la kuwapa, maana jasusi wa pili hakuwepo. Alipotolewa, vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekufa, ikabidi vikatwe. Chombo kilipotua alikabidhiwa kwa wanajeshi.

Mwaka 2170 Mama alikwenda mwenyewe mbele ya tume ya uchunguzi, akasema aliyoyaona na aliyoyafanya. Nahodha alipewa onyo na nishani katika kikao kimoja. Mama aliachishwa kazi. Siku moja sokoni mama mmoja aliyesafiri nao alimzuia njia, akamwambia, "Wanangu wako hai leo, na wewe unalilia vidole vya jasusi?" Mama akamjibu, "Wanao wako hai kwa sababu aliniamini. Ile baridi haikumwokoa hata mmoja wetu." Yule mama hakumsalimia tena.

Alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa kreni bandarini, tarehe 6 Februari 2172. Baba alikuwa mtu wa taratibu hata katika uchumba. Baada ya mwaka mzima wa kumsindikiza hadi kituo cha basi, alimuuliza, "Unajua lugha ngapi?" Mama akasema nne. "Na ya kukubali kuolewa ni ipi kati ya hizo?" Mama akanyamaza. Baba akarudi nyumbani ameinamisha kichwa, mpaka shangazi yake alipomwambia kwamba amekwisha jibiwa. Walijaliwa watoto watatu. Baba alitangulia mwaka 2201.

Miaka yote hiyo Mama alitafsiri maandishi tu: maelezo ya dawa, mikataba ya nyumba, vitabu vya shule. Walikuja watu na gari kumwomba awe mkalimani wa mikutano mikubwa, akawanywesha chai na kuwaaga. Mimi nilimwona anaringa. Nilipomuuliza, alisema karatasi haina macho.

Mwaka 2188 alisikia kwamba fundi ameachiwa na anaishi ng'ambo ya mji, anatengeneza mafeni. Alinichukua twende naye. Chumba chake kilijaa mapanga ya feni yaliyotundikwa ukutani. Alimtambua Mama alipotoa salamu tu, kabla hajamwangalia. Alitupa viti, yeye akaketi juu ya kasha. Waliongea kwa lugha yetu, ambayo fundi alikuwa ameshajifunza gerezani.

Mama alimwomba radhi. Fundi alizungusha bisibisi kwa ule mkono wa vidole viwili.

"Nahodha nilishamsahau," alisema. "Alichokuwa anasema sikukielewa hata siku moja. Sauti iliyoniambia baridi inaongezwa ilikuwa yako, kwa lafudhi ya kwetu. Kila ninapoiota ile baridi, anayesema ni kama dada yangu."

"Najua," Mama akasema.

"Hujui, mama. Lakini nimefurahi umekuja."

Hakusema kwamba amesamehe, na Mama hakumwomba mara ya pili. Tukanywa maji, tukaondoka. Tangu hapo Mama alimpigia simu mara kwa mara. Siku nyingine alipokea, siku nyingine hakupokea.

Mama aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo mwaka 2206. Alitibiwa vizuri, tunawashukuru wauguzi wote. Mwezi Agosti mwaka huu alilazwa, na katika siku zake za mwisho lugha zilimtoka moja baada ya nyingine, ikabaki ile aliyoipata kwa mshonaji. Alikuwa anasema nasi kwa kirefu, na hakuna mtoto wake aliyeelewa. Mdogo wangu akampigia fundi simu. Alikuja kwa basi tarehe 2 Septemba mchana, akaketi kando ya kitanda, akamsikiliza hadi akamaliza. Kisha akainama, akamjibu kwa sentensi moja fupi. Mama akafumba macho.

Tulimuuliza fundi wamesemezana nini. Akavaa kofia. "Mkitaka niwadanganye, nitawatafsiria," alisema. "La sivyo, niacheni nayo."

Mama alifariki kesho yake asubuhi, tarehe 3 Septemba 2209, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Sisi wanawe hatukubaliani. Mdogo wangu anaamini alisamehewa. Mimi niliuona uso wa fundi alipotoka, na sina hakika. Hatukutaka kuwasomea jambo tusilolijua.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, na kaka yake mmoja. Mama amesema vya kutosha, na amesemea wengi. Sasa anyamaze, apumzike.