Mama Punje na Mchele Uliokaa Ghalani

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu, na wazee wamenisihi nipunguze ukali. Nimepunguza. Haya ndiyo yaliyobaki.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1972, mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa fundi seremala, mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1996 akahitimu shahada ya kemia. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Mama alikuwa akisema huyu mtoto ukimwambia kumekucha, anatoka nje kuhakikisha.

Mwaka 1998 aliajiriwa katika maabara ya kinu cha mchele. Baadaye kinu kilipoanza kuchanganya mchele na punje za virutubisho, zile zinazotengenezwa kwa unga wa mchele uliotiwa vitamini na madini, yeye ndiye aliyesimamia vipimo. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Punje.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yetu huyu mnayemwona, na wakajaliwa binti na mvulana. Mama mkwe wake aliishi nao, na wawili hao walipendana kwa kugombana. Siku moja dada alimkuta na ungo, anazichambua zile punje moja moja na kuwarushia kuku.

"Mama, hizo ndizo zenye vitamini."

"Mbona za njano? Mchele uliovunda naujua mimi, mwanangu."

Kuku wale walinenepa kweli kweli, shemeji ni shahidi.

Kilichomtesa kilikuwa kingine. Mchele ulipimwa siku unapotoka kwenye mashine, na siku hiyo haukuwa na kasoro. Kisha ulikaa miezi na miezi chini ya mabati. Joto na hewa hula vitamini A, na madini ya chuma yakiwa ndani ya punje hiyo hiyo huharakisha mambo. Aina ile ya chuma aliichagua yeye mwenyewe, na hilo halikumtoka moyoni. Mwaka 2023 alifungua gunia lililokaa ghalani tangu msimu uliotangulia, akalipima. Vitamini A ilikuwa imebaki chini ya nusu. Mchele huo ndio uliokuwa ukienda shuleni.

Alimfuata meneja.

"Mchele haujaoza, unaliwa," meneja alimjibu. "Unataka nifunge kinu?"

"Nataka tupime kilichomo ghalani kabla hakijatoka. Watoto wanakula jina la vitamini tu."

Aliambiwa asubiri. Akasubiri huku malori yanapakia. Akaanza kukonda, chakula kikamshinda, nasi tukadhani ni mawazo. Februari 2024 madaktari waligundua saratani ya ini. Kule wodini, kila nilipoingia aliuliza, "Wameshapima?" Nikimjibu bado, anageukia ukutani. Iliniuma, na inaniuma hadi sasa. Alifariki alfajiri ya tarehe 17 Agosti 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mkwe, na sisi ndugu zake wanne.

Jana kinu kilituletea magunia manne ya mchele kutufariji. Tunashukuru, meneja, na tunakuona hapo ulipokaa. Shemeji amesoma lebo zake: yametoka ghala lile lile, ni ya msimu uliopita. Hatutayapika. Yako mlangoni kwetu, yameshonwa vile vile yalivyokuja. Ukitoka hapa makaburini, tunakuomba uyapitie uyapeleke maabara, wewe mwenyewe. Majibu yakitoka, uyasome mbele ya watu, kama mimi ninavyosoma sasa, ili dada yetu apate kupumzika.