Ng'ombe wa Kilio cha Honorine Hanenepi

Kwenye benchi la Mama Chomba, pale mtaani Kampemba, kahawa hunywewa polepole lakini maneno hayana breki. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa ng'ombe wa Papa Mwila. Mzee alimnunua achinjwe siku ya kumaliza kilio cha mkewe, Honorine, na watoto walioko Kolwezi walishasema watakuja ng'ombe akinona. Sasa mnyama anafakamia pumba na makapi ya bia kama hana akili nzuri, na mbavu bado zinahesabika. Mwila alikaa pembeni na kikombe chake, akawaacha waseme.

— Ngombe iko sawa motere ya gari, akasema Kasonde, fundi magari ambaye wote humwita Piston. Hata akisimama tu, anakula mafuta. Ile ni ralenti, motere inawaka bila gari kwenda. Kunenepa inakuya nyuma, kama kitu kimebakia.

— Basi huyu iko anawaza, akasema Sylvain, aliyeitwa Bourgmestre, yaani meya, kwa kukata kesi zisizo zake. Mawazo inakulaka kuliko kinywa. Muniangalie miye.

— Weye ni pombe, Mama Chomba akamjibu, akimimina.

— Tena Papa Mwila anamutembeza kila mangaribi mupaka Karavia, kukula majani, akaongeza Piston. Ile njia inapanda ku kwenda, inapanda tena ku kurudia.

— Njia gani inapandaka mara mbili? akauliza Bourgmestre.

— Ya Karavia. Uliza ngombe.

Walicheka. Mwila naye alicheka kidogo, asije akaulizwa.

Guelord, mshonaji aliyehamia mtaani juzijuzi, aliweka kikombe chini.

— Munisamehe, papa. Juu ya nini hamumukatie majani, mumuletee ku nyumba?

Piston alimtazama Bourgmestre. Bourgmestre alitazama kahawa yake.

Jibu Mwila alikuwa nalo. Kwenye njia ya Karavia humsimulia ng'ombe habari za siku, kama alivyokuwa akimsimulia Honorine, na yeye akisimama, ng'ombe naye husimama. Akinona, watoto watakuja, watakula, watarudi Kolwezi, na uani patabaki kamba.

— Majani ya kukata inakaukaka mbio, akasema.

Mama Chomba aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mwila, hakikutoka kitu. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mwila akabaki kwenye benchi akingoja magharibi, na bado ilikuwa asubuhi.