Jicho Lililoshonwa

Abiria walikuwa wakisukuma basi la kutoka Nairobi, lililokwama matopeni karibu na Ngaramtoni katika masika ya 1955. Penina alimwona mwanamume mmoja, Simel, bado amekaa kitini.

"Shuka, baba! Sisi wanawake tusukume, wewe uwe gavana?"

"Jicho langu lilishonwa mwezi uliopita, mama. Daktari amenikataza kujikaza, nisije nikapofuka."

"Kwani basi linasukumwa kwa jicho?"

Watu wakacheka. Simel akashuka, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Basi likasogea hatua moja, likazama tena.

"Acheni, tutamalizia kesho," dereva akasema.

Simel aliziba kwa kiganja jicho lisiloshonwa, akamtazama Penina.

"Mama, asubuhi kwa jicho hili nilikuona mwili mzima. Sasa naona kilemba tu, chini yake giza."

Penina akajiinua kidogo kwa vidole vya miguu, ili uso nao uonekane.