Mapaa Mia Tatu

Tangu Ijumaa walipomzika mama yake, miaka miwili sasa, Aoko hakuwa amekanyaga kijijini kwao Pap Onditi. Leo alikuwa akipita tu, akitoka Kisumu alikoishi kwenda Kendu Bay kununua samaki. Mbele yake basini, wanaume wawili waliongea.

“Ramani ya satelaiti ilionyesha mapaa mia tatu kijijini, Mzee. Nikaleta mashine ya kusaga unga.”

“Na watu?”

“Wengi walifunga nyumba wakahamia Kisumu.”

“Basi yasagie mapaa.”

“Unacheka. Jirani yangu, nyumba ile ya paa la bluu, binti alizika mama akapotea. Kaburi nalipalilia mimi.”

Aoko aliinamisha kichwa. Rangi ile aliichagua yeye.

Basi liliposimama Pap Onditi, mwenye mashine alishuka. Aoko hakushuka. Ufunguo uko Kisumu, na nyumba bado imefungwa.